Kuku wa Ijumaa Kuu

Ukiniuliza nilimpotezea wapi Nyamusi, naweza kukutajia nyumba, siku, na hata chakula kilichokuwa mezani. Ilikuwa Homa Bay, nyumbani kwa mama yangu, Ijumaa Kuu, siku ya tatu ya likizo yetu. Mezani palikuwa na ugali wa wimbi, mboga ya saga, na mumi, yule samaki mwenye ndevu, aliyekaushwa kwa moshi kisha akapikwa kwa maziwa. Nimemwomba Mungu mara nyingi anisamehe yale niliyoyafanya, na naamini amenisamehe. Lakini msamaha wa Mungu haukumrudisha Nyamusi.

Likizo ile niliipanga mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kutengeneza friji, na kwa miaka minane nimeingia jikoni mwa hoteli nyingi kati ya Migori na Homa Bay. Namjua anayekaangia mafuta ya juzi, na namjua anayenunua samaki asubuhi akiwa bado anarukaruka. Ndiyo maana nilimwambia Nyamusi, "Pasaka hii funga kibanda chako cha ndizi siku chache. Nitakutembeza kwa mdomo."

"Kwa mdomo vipi?"

"Kila mahali tutakula kile ambacho wenyeji wanajivunia. Kisha tutafika Homa Bay. Utakula kwa mama yangu."

Aliinamisha uso, akaanza kuzipanga upya ndizi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nyamusi akifurahi sana hakuangalii. Huangalia mikono yake.

"Beverlyne lazima aje na sisi," alisema. "Baba hawezi kukubali tusafiri wawili tu. Hata tukiwa watatu atakubali kwa sababu tu anakuamini, Jared."

Beverlyne alikuwa binamu yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Kila tulipokula alitoa alama kama mwalimu. Jumatano tuliianza pale Migori kwa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa hadi yakalainika, pamoja na chai ya maziwa. "Saba kwa kumi," akasema Beverlyne. "Shem, ungeongeza avokado ungepata nane." Mchana tukala matoke kwa mama mmoja Mkisii karibu na soko, na Nyamusi akamsahihisha mpishi kwa upole kuhusu chumvi, hadi mpishi akamwambia aje achukue mwiko mwenyewe. Jioni kila mtu alirudi kwao kulala.

Alhamisi tukaenda Muhuru Bay. Pale ufukweni omena walikuwa wameanikwa juu ya nyavu, weupe kama fedha, na harufu yao ilikaa kwenye nguo zetu siku nzima. Tuliagiza ngege, yule sato wa ziwani, wa kukaanga. Kabla hajakaangwa, Nyamusi aliomba amwone, akampitishia ukucha mgongoni.

Muuzaji akacheka. "Nyar Kisii, binti wa Kisii, unatafuta dhahabu humo? Dhahabu nenda machimboni Masara!"

"Natafuta magamba, mama," Nyamusi akajibu akicheka pia. "Imeandikwa tule mwenye mapezi na magamba."

Nyamusi ni Msabato, na si Msabato wa jina. Ijumaa jua likizama, kibanda chake huwa kimefungwa, sufuria zimeoshwa, na mdomo wake hautaji tena bei ya kitu chochote hadi Jumamosi jioni. Nilimpendea hayo. Nilimpenda zaidi siku moja katika darasa la jioni, tulikokuwa tunarudia masomo ya sekondari tukiwa watu wazima, alipokataa kunakili jibu langu la hesabu ingawa nilimsogezea daftari. "Nikifeli, nifeli mwenyewe," aliniambia.

Baada ya kula tulikaa juu ya jiwe huku Beverlyne akijipiga picha na ziwa. Nyamusi alinitazama moja kwa moja, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Jared, naogopa kesho."

"Unamwogopa mama? Mama hang'ati."

"Siogopi kung'atwa. Naogopa anipende haraka, halafu akishanijua ajute."

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Wiki tatu kabla ya hapo mama alikuwa ameniuliza kwa simu, "Huyo msichana anasali wapi?" Nami nilijua jibu la kweli lingefanya nini. Kaka yangu mkubwa, Maranga, alioa Msabato, na tangu baba azikwe mama hajakanyaga nyumba yao. Alikuwa ameapa hatapokea mkamwana mwingine wa kanisa lile. Kwa hiyo nilimjibu, "Ni Mkatoliki, mama, kama sisi." Nilijiambia ni uongo mdogo. Mama akishamwona Nyamusi, akishaonja tabia yake, kanisa halitakuwa tatizo tena.

Nyamusi alikuwa bado ananitazama, akingoja neno la kumtuliza.

"Unataka soda?" nikamuuliza.

*

Tulifika Homa Bay Ijumaa saa kumi na nusu, tumechelewa. Nyamusi alikuwa amebeba hotipoti kubwa aliyoifunga kwa leso, na njia nzima hakukubali niishike.

"Ndani kuna nini?"

"Mambo ya wanawake. Ngoja utaona."

Mama, ambaye majirani humwita Min Maranga, yaani mama wa Maranga, alitupokea mlangoni akiwa bado amevaa nguo za kanisani. Alimshika Nyamusi mikono yote miwili. "Karibu, nyathina. Karibu mtoto wangu." Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Dholuo kwamba tumekosa ibada ya Msalaba, na kwamba alikuwa amemwambia padri ataleta mgeni. Nikamjibu kwa Dholuo pia, harakaharaka, kwamba tutaenda kesho kwenye mkesha. Nyamusi alikuwa anavua viatu.

Tuliketi. Ukutani, nyuma ya picha ya marehemu baba, kulikuwa na tawi la mtende la Jumapili ya Matawi, bado lina ubichi. Mama alikuwa amefunga tangu asubuhi, na hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha kwanza.

"Mgeni, tuombee," akasema.

Nyamusi akafumba macho. Aliomba kwa sauti ndogo, akamshukuru Mungu kwa mikono iliyopika na kwa mlango uliofunguliwa. Sala ile ilikuwa nzuri hadi nikasikia aibu kuwa ndani yake. Aliposema amina, mama akainua mkono kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba. Akamwona Nyamusi mikono yake imetulia mapajani. Mkono wa mama ukasimama kidogo hewani, kisha akamalizia peke yake.

"Huyu mumi nimemtafuta tangu juzi," mama akasema, akichota. "Nilimwambia muuzaji, mgeni wangu ni wa maana, usiniletee kitoto." Akamwekea Nyamusi kipande kikubwa kuliko vyote.

Nyamusi akaitazama ile ngozi nyeusi, laini, isiyo na hata gamba moja. Halafu akanitazama mimi. Macho yale nayakumbuka hadi leo. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananisubiri nimsaidie. Aliamini kwamba nilikuwa nimeshamweleza mama, na kwamba kulikuwa na kasoro ndogo tu ambayo ningeirekebisha kwa neno moja.

Nami nikasema, "Mama, leo tumbo linamsumbua. Jana alikula sana kule Muhuru Bay."

Beverlyne akapaliwa na maji. "Tumbo la nani, shem?"

Nyamusi akausogeza mkono wake mbali na sahani. "Mama, naomba unisamehe," akasema. "Tumbo langu ni zima kabisa. Samaki asiye na magamba mimi sili. Ni imani yetu. Jared anajua."

"Imani yenu?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Lakini sikuja mikono mitupu." Akainuka, akaifungua ile leso, akaweka hotipoti mezani na kuinua kifuniko. Harufu ya kuku wa kienyeji, tangawizi na dania ikajaza chumba. "Nimeamka alfajiri nikakupikia. Wa leo ni wako, na kidogo tutakiacha kwa kesho, maana kesho ni Sabato na siwezi kuwasha moto."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa ametoa zawadi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na alitabasamu kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule.

Mama alimtazama yule kuku, akatazama tawi la mtende, akanitazama mimi.

"Nyama," akasema polepole. "Ijumaa Kuu. Juu ya meza yangu."

Tabasamu la Nyamusi likaondoka. "Mama, kwani leo hamli..." Akaziba mdomo kwa kiganja. "Sikujua! Mungu wangu, sikujua. Jared, mbona hukuniambia?"

"Ngoja," mama akasema. "Ngoja kwanza, nyathina. Wewe si Mkatoliki?"

"Mimi? Baba yangu ni mzee wa kanisa la Wasabato, mama. Nimezaliwa humo."

"Jared." Mama hakupaza sauti. "Uliniambia nini kwa simu?"

Kuna swali ambalo jibu lake tayari limekaa mezani, linatoa mvuke.

Mama akasukuma sahani yake. "Binti, nitakuambia kitu, na sikuambii kwa ubaya. Baba yao alizikwa Jumamosi. Watu walikuwa mia nne katika boma. Mke wa Maranga alikaa kwenye kiti, mikono imekunjwa hivi, akasema leo ni Sabato. Mimi, mjane wa siku tano, nikashika mwiko. Nilikoroga ugali wa waombolezaji wa mume wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nimesema hapana. Msabato mwingine hapana."

Beverlyne aliacha kutafuna. Nilidhani Nyamusi angelia, au angejitetea. Alisogeza kiti chake karibu na mama.

"Pole sana, mama," akasema. "Pole kwa baba, na pole kwa ule mwiko. Hakuna aliyepaswa kukuachia."

Mama alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Hakuwa amejiandaa kwa pole.

"Wewe ungefanya nini?" akauliza.

"Ningepika Ijumaa hadi jua linazama, mama. Na Jumamosi ningebeba maji, ningepakua, ningekaa na wewe. Kumshika mkono aliyefiwa si kazi ya kukatazwa. Hata Yesu aliponya siku ya Sabato, na watu wakamlaumu."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya leso ileile iliyoleta kuku, akaifunika hotipoti kwa heshima, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Huyu nitamla Jumapili, Bwana akishafufuka. Mpaka siku hiyo atakaa kwa friji. Sasa niambie, jua lenu linazama saa ngapi?"

"Saa moja kasorobo, mama."

"Nyasaye! Na sasa ni saa ngapi? Beverlyne, simama mlangoni unipe habari za jua. Nina ngege wawili wa Pasaka. Hao wana magamba mpaka kwenye masikio."

"Mama, usisumbuke."

"Nisisumbuke, na mgeni wangu hajala? Shika kisu. Wewe para, mimi nawasha moto."

Nyumba ile ikageuka. Wanawake wawili walikimbizana na jua jikoni, magamba yakiruka hadi kwenye nywele zao. Beverlyne alipiga kelele kutoka mlangoni, "Jua liko juu ya paa la jirani! Sasa limeshuka kwenye dirisha! Harakisheni, mnafeli!" Na mama, mama yangu niliyemwogopa wiki tatu nzima, alicheka. Alimuuliza Nyamusi jinsi Wakisii wanavyopika saga, wakagundua kwamba wote wawili huitia maziwa na kuilaza, wakapigana viganja.

Nilisimama mlangoni mwa jikoni, moyo umejaa. Nilimshukuru Mungu. Na kwa sababu nilikuwa mjinga, nikasema kwa sauti, "Mnaona? Nilijua tu mtapatana!"

Kisu cha Nyamusi kikasimama.

Akaosha mikono, akajifuta, akamwambia mama, "Narudi sasa hivi." Akatoka nyuma ya nyumba, pale penye tangi la maji. Nikamfuata.

"Ulijua," akasema.

"Nyamusi, nilifanya kwa ajili yetu. Na umeona mwenyewe, mama amekupenda."

"Amenipenda leo, baada ya kumuumiza. Ungemwambia ukweli, ningekuja na tunda, ningekuja na mayai. Nisingemwekea nyama mbele ya msalaba wake." Alivuta pumzi. "Jared, nimewauzia Waluo ndizi miaka sita. Ulipomwambia kwa Dholuo kwamba tutaenda mkesha, nilielewa. Nikajiambia, labda anamfurahisha tu mama yake, atanieleza baadaye. Kisha ukasema tumbo langu linauma, na mimi nimekaa pale nimekutazama."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini nijibu kitu kimoja. Baba alinikubalia safari hii kwa sababu ulimwambia umeanza darasa la ubatizo. Ulisema unasoma kila Jumatano na mzee Onsongo, kule karibu na karakana yako. Ni kweli?"

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni. Nilisikia mama akiimba kidogo. Ningeweza kusema ndiyo. Uongo ulikuja wenyewe, umeshavaa nguo, kama mbwa aliyezoea kuitwa. Lakini macho yake yalikuwa juu yangu, na kwa mara ya kwanza katika wiki zile nikashindwa.

"Sijawahi kwenda," nikasema. "Hata siku moja."

Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa tangi kana kwamba ardhi imesogea.

"Kwa hiyo nyumbani kwetu wewe ni Msabato mtarajiwa, na hapa kwenu mimi ni Mkatoliki," akasema. "Na sisi wenyewe tuko wapi, Jared? Uliwaoza watu wawili ambao hawapo."

"Nitaenda kwa baba yako. Nitamwambia yote. Nitaanza darasa Jumatano ijayo, naapa."

"Usiape. Na usibatizwe kwa sababu yangu, itakuwa uongo mwingine, na huo utakuwa mbele ya Mungu." Machozi yalikuwa yakimshuka sasa, na hakuyafuta. "Ningengoja. Ungeniambia mama yako hataki Wasabato, ningengoja mwaka, miaka miwili. Ningekuja hapa kila likizo nikae na yeye hadi anizoee. Hilo la kanisa si dogo, lakini tungelibeba wawili. Hili lako siwezi. Kila ukinipa habari nitakuwa naipitishia ukucha."

"Nyamusi, tafadhali. Nakupenda."

"Najua. Hilo nalo lingekuwa uongo, leo ningelia kidogo tu." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Mama yako nimemsamehe yote kwa sababu hakujua. Wewe ulijua."

"Jua limegusa ziwa!" Beverlyne akaita kutoka mbele. "Nyamusi, njoo!"

Akajipangusa uso kwa mikono miwili, akaingia ndani. Hakuniangalia, na mikono yake pia hakuitazama.

Hakuweza kuondoka. Sabato ilikuwa imeingia, na asingelipa nauli siku ya Bwana. Akalala pale na Beverlyne, chumbani mwa mama, na mimi nikaenda kwa rafiki yangu Jacktone. Jumamosi asubuhi nilizunguka mjini kwenye hoteli zote nilizokuwa nimepanga kumpeleka. Sikula katika hata moja. Nilirudi mchana nikawaona wote watatu kupitia dirishani. Nyamusi alikuwa anasoma Biblia kwa sauti, na mama, ambaye hajawahi kumkaribisha mke wa Maranga ndani, amekaa sakafuni, miguu imenyooshwa, anasikiliza. Nilibisha. Mama akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

"Amenieleza," akasema. "Yote. Hata la baba yake."

"Mama, zungumza naye. Wewe atakusikia."

"Nimezungumza naye tangu asubuhi. Nimembembeleza kuliko nilivyowahi kumbembeleza mtu. Mimi, Jared! Mimi niliyesema Msabato hapana, nimemwomba abaki." Aliniangalia kwa huruma iliyoniuma kuliko kofi. "Ananiita mama. Wewe hataki kukutaja."

Safari yetu ya kisiwani Mfangano, tuliyokuwa tumeipangia Jumapili, haikuwepo tena. Asubuhi hiyo mama hakwenda misa ya kwanza. Alimsindikiza Nyamusi, pamoja na Beverlyne, hadi steji, akambebea mfuko, akasimama pale hadi gari likaondoka. Nilimwona kwa mbali akipunga mkono, peke yake, katika nguo yake nzuri ya Pasaka. Kisha akarudi nyumbani, akamtoa kuku kwenye friji, akampasha moto, akala. Mimi hakunipakulia.

Huu sasa ni mwaka wa pili. Kila Ijumaa saa kumi na moja, kabla jua halijazama, Nyamusi humpigia mama simu. Huongea mambo ya mboga, ya magoti, ya wagonjwa wa kuombewa. Mwezi wa Agosti mama alikwenda kwa Maranga akalala siku mbili, na alipoulizwa ni nani aliyemshauri, alisema ni binti yake wa Migori. Mimi bado natengeneza friji. Nilimwendea mzee Obare, baba yake, nikakiri kila kitu mbele yake. Aliniombea, akanipa chai, akanisindikiza hadi barabarani. Nyamusi alikuwa sokoni siku hiyo.

Nikiwa nyumbani Homa Bay siku ya Ijumaa, husubiri mama akate simu. Huwa nimejipangia nisiulize. Halafu nauliza.

"Anasemaje, mama?"

"Yuko salama. Amepata kibanda cha pili."

"Amesema nini kingine?"

Mama huiweka simu juu ya meza, huweka mkono wake juu ya wangu, na kwa sababu katika nyumba hii hatudanganyani tena, huniambia ukweli.

"Hajakutaja, mwanangu."